Msumari wa Chini

"Mwenyeji au mgeni?" binti wa tiketi aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye simu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa Nyumba Kubwa, juu ya ngazi nilizozipanda na kuzishuka tangu utotoni. Nilizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Niliondoka kisiwani nikiwa na miaka thelathini na miwili, na sasa ninakaribia themanini. Nikamwambia, "Andika unavyoona mwenyewe."

Akainua macho, akanikagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Mgeni," akasema, akanikatia tiketi.

Sikubishana naye. Mtu akikaa mbali na kwao muda mrefu, hata mbwa wa kwao humbwekea. Wala siandiki haya kwa ajili ya tiketi. Naandika juu ya mtu aliyekuwa akinisubiri ndani, ambaye mji mzima unamwita Mzee Pasi, kwa sababu hakuna mwingine atakayemwandika, na kwa sababu yaliyompata yalitoka kinywani mwangu.

Mzee Pasi alikuwa mtembezaji wa wageni katika nyumba ile. Kabla ya hapo alikuwa mtunza funguo wake, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa dobi wake. Nyumba yenyewe ilijengwa na watawala wa kutoka ng'ambo, walioweka bendera juu ya paa na mizinga miwili mlangoni. Walipoondoka ikawa ofisi za serikali, kisha ghala la madawati mabovu, kisha makazi ya popo, mpaka kampuni moja ya utalii ilipoikodi, ikaipaka mizinga rangi, ikafungua mlango. Wapangaji wote hao walimkuta Mzee Pasi ndani kama walivyoyakuta madirisha. Ni mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lina mstari wa pasi mkononi unaoweza kukata nyanya.

Mama yake ndiye aliyekuwa dobi wa watawala. Chini ya nyumba, ukishuka ngazi kumi na moja, kuna chumba cha mawe chenye dirisha moja dogo la nondo lililo sawa na barabara. Ukiwa ndani huoni watu, unaona viatu. Huko ndiko alikofua, akatia nguo wanga, akazipiga pasi ya mkaa kwa miaka ishirini na sita. Nguo zilitoka nyumba tano. Mama hakujua kusoma, na shati jeupe la bwana huyu na shati jeupe la bwana yule ni mapacha. Basi alipigilia misumari ukutani, na juu ya kila msumari akachimba kwenye jiwe, kina cha ukucha, alama ya mwenye nguo. Mwavuli ni hakimu, ambaye hakutoka bila mwavuli hata kiangazi. Samaki ni bwana forodha, kwa harufu yake. Kikombe ni nyumba ya daktari, ambako bibi alikunywa chai kutwa. Jogoo ni mwalimu mkuu. Ufunguo ni bwana jela. Miaka ishirini na sita, hakuchanganya hata soksi.

Na chini kabisa, kimo cha goti, ulikuwapo msumari wa sita, na juu yake alama ya pasi. Huo ulikuwa wa shati la shule la mwanawe. Kila jioni, nguo za wakubwa zikiisha, alilifua shati hilo kwa maji yaliyobaki, akalinyoosha kwa mkaa uliobaki, akalitundika pale chini ya mashati ya hakimu na bwana jela. Sisi wengine tulikwenda shule kama tuliotafunwa na ng'ombe tukatemwa. Yeye alikuja amenyooka kama barua ya serikali. Tukamwita Pasi, na jina likamganda mpaka uzeeni.

Mimi waliniita Gazeti. Mama yule alifungia nguo safi kwenye magazeti ya zamani, nami niliyaokota mabaki na kujifundisha kusoma, nimekaa kwenye sakafu ile ile. Elimu yangu yote inanuka wanga. Malipo yangu yalikuwa kuteka maji. Kila mwaka mvua zikiisha, alipaka chokaa ukuta wa upande wa dirisha, lakini kwanza aliuosha kwa maji ya kisima siku tatu mfululizo, mimi na Pasi tukibeba ndoo.

"Jiwe la bahari lina chumvi," alituambia. "Usipolitoa chumvi, unalipaka leo, kesho linakutemea."

Zamani kila mtu kisiwani alilijua hilo, kama anavyojua kufunga mlango akitoka.

Sasa niseme nilivyoukuta mji. Posta ni hoteli. Mahakama inauza kofia. Kibanda cha mshona viatu, aliyejua mguu wa kila mtu na safari zake, kinakodisha baiskeli. Kuta zimepakwa rangi za peremende ili zipendeze kwenye picha. Nilitembea mitaa mitatu nikitoa salamu, akanijibu mtu mmoja tu, naye alitaka kuniuzia mkufu. Watu wanavaa shati lililotoka kwenye pakiti na mikunjo yake, kama kwamba mikunjo ile ni cheo.

Pasi nilimkuta jioni, siku moja kabla ya ile tiketi, chumbani kwake, juu ya karakana ya pikipiki, akipiga pasi shati la kesho. Mkewe alishatangulia. Binti yake yuko mbali, hupiga simu Jumapili. Kitanda, meza ya pasi, kiti kimoja.

"Gazeti! Hujafa tu?"

"Nimekuja kukuaga kwanza."

"Kaa basi. Angalia usilikalie shati." Alinyoosha kola, akaiacha pasi imesimama, akaniangalia. "Kesho nitakutembeza nyumba. Lakini kuna jambo uniahidi. Utanisikia nikisema uongo. Usiseme kitu."

"Uongo gani?"

Akanieleza. Kampuni ilipokuja, miaka mitatu iliyopita, ilikuja na ramani, na kwenye ramani chumba cha chini kilikuwa vyoo vya wageni. Kuta zipigwe plasta, zibandikwe vigae. Meneja, mwanamke kijana, akamuuliza, mzee, hapa palikuwa nini?

"Nikamwambia palikuwa kwa dobi," Pasi alisema. "Akasema, 'Ah, basi hapana kitu,' akamwita fundi apime. Nikaona mwavuli wa mama unakwenda kuwekewa choo. Nikasikia mdomo wangu unasema, 'Lakini kabla ya dobi palikuwa jela. Hizi ni alama za wafungwa.' Sijui yalitoka wapi, Gazeti. Yalitoka tu."

"Na akaamini?"

"Alinishika mkono! 'Mzee, mbona ulikaa kimya siku zote hizi?' Kesho yake wakafunga kamba, mtu asiguse ukuta. Wakatia taa. Wiki iliyofuata wakaleta minyororo."

"Minyororo ya wapi?"

"Ya nanga, chuma chakavu. Niliisugua kutu mwenyewe. Wakaniambia nisiisugue sana."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia, "Umemfuta mama yako."

"Nimemficha. Kufuta na kuficha ni mbalimbali." Aliigeuza nguo upande wa pili. "Ukuta upo. Kila asubuhi kabla hawajafungua nashuka peke yangu, namwamkia. Hana hata picha moja, Gazeti. Kaburi lake walipitisha barabara. Ule ukuta ndio uso wake uliobaki. Wakijua palikuwa kwa dobi tu, vyoo vinarudi."

"Njia ya mwongo fupi, Pasi."

"Yangu ina miaka mitatu na ngazi kumi na moja, na nimechoka nayo kuliko unavyodhani. Niachie mpaka nife, kisha sema utakalo. Niahidi."

Nikamwahidi.

Kwa hiyo asubuhi ile, na tiketi yangu ya mgeni mkononi, niliingia na watu wengine wanane. Walikuwa wenzetu wa bara, wanaosema lugha yetu: walimu wastaafu wawili, mume na mke, mama mmoja wa makamo na dada yake, bwana mwenye kofia pana aliyepiga picha hata vitasa, na wengine ambao sura zao zimenitoka. Meneja naye alifuatana nasi. Alisema ana jambo jipya la kutuonyesha chini.

Pasi alitupitisha vyumba vya juu. Hapa alilala gavana, hapa alikula gavana. Meza yenyewe ilinunuliwa mwaka jana. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea kwenye msafara. Kisha tukashuka, yeye mbele, mkono ukutani. Nilizihesabu ngazi. Zilikuwa kumi na moja bado, ingawa magoti yangu yalidai ishirini.

Taa zilikuwa zimeelekezwa kwenye alama. Misumari imekwisha kwa kutu, alama zimebaki kama zilivyochimbwa jana.

"Mwavuli," Pasi akasema. "Walitamani kivuli, maana walivunjishwa mawe juani. Samaki, waliikumbuka bahari. Kikombe ni kiu. Jogoo, walingoja asubuhi."

"Na ufunguo huo hauhitaji kuelezwa," yule mama wa makamo akasema, akatoa leso, akalia kweli kweli, dada yake akimshika bega.

Kwa kila alama Pasi alinitupia jicho, kama mwanafunzi aliyenakili majibu. Nikiwa mkweli, aliyatunga vizuri. Mama yake angecheka.

"Sasa," Meneja akasema. Si mtu mbaya, nataka ijulikane. Ana bidii, ana adabu, anaipenda kazi yake. Alifungua sanduku, akafunua kitambaa, akatoa pasi ya mkaa. Niliijua hata kabla haijatoka nzima, kwa mpini wake uliopasuka na kufungwa waya. "Mnaiona alama ya mwisho, ile ya chini? Muda mrefu hatukujua maana yake. Lakini pasi hii tuliikuta humu humu. Walinzi waliitia makaa, wakawachoma nayo wafungwa migongoni. Na alama iko chini vile kwa sababu aliyeichora alikuwa amelala chini. Hakuweza kusimama tena."

Nilimtazama Pasi. Hilo hakuambiwa kabla. Alikuwa ameshika mkono wa shati lake, pale penye mstari.

"Mzee Pasi, hebu waonyeshe ilivyoshikwa."

Akampa. Pasi akaipokea kama mtu anavyopokea mtoto, mkono mmoja chini.

"Nichome mimi, mzee!" bwana wa kofia akasema, akampa simu mwenzake, akageuza mgongo. "Tupate picha!"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kushusha pumzi. Na Pasi akainyanyua. Aliinyanyua taratibu kuelekea mgongo wa yule mtu, uso wake hauna kitu, kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine.

"Iweke chini!"

Sauti ilikuwa yangu.

"Hiyo ni pasi ya mama yake," nikasema. "Hapakuwa na mfungwa hapa. Palikuwa kwa dobi. Mwavuli ni nguo za hakimu, samaki ni forodha, kikombe ni daktari, na hiyo ya chini ni shati lake yeye la shule! Kamchoma mgongo nani, mwanamke yule? Hakuwa na nafasi hata ya kumchapa mwanawe!"

Nilisema na mengine, nilikuwa nimewaka moto. Nilipomaliza, bwana wa kofia alikuwa bado amegeuza mgongo.

"Kwa hiyo hakuna aliyefungwa humu?" akauuliza ukuta.

"Soksi tu," mwalimu mstaafu akasema, na mkewe akamkanyaga mguu.

Yule mama wa makamo alikunja leso yake mara nne. "Nimelia bure," akasema, na hasira ile hakuielekeza kwa kampuni. Aliielekeza kwangu.

Meneja alinisogelea, akanitazama machoni kwa huruma, kisha akamgeukia Pasi. "Mzee, huyu ni jamaa yako? Labda hajisikii vizuri. Labda jua?"

Ulikuwa mlango, na aliufungua wazi kabisa. Pasi alichotakiwa kusema ni kwamba huyu rafiki yangu akili zimepungua, mnisamehe. Wote wangeamini. Ningeamini hata mimi. Alisimama na pasi mikononi, akautazama ukuta, alama moja moja, akamalizia ya chini. Viatu vya watu vilipita dirishani.

"Hana jua lolote," akasema mwisho. "Ni mama yangu. Miaka ishirini na sita. Hakuchanganya hata soksi."

Mke wa mwalimu akamuuliza, "Alitumia wanga gani, kaka?"

"Wa muhogo, dada. Alikuwa akiuchuja kwa kitambaa mara mbili."

"Mara mbili," mke wa mwalimu akarudia, kama anayelitia neno mfukoni. Pasi alimweleza jinsi pasi ilivyojaribiwa joto kwa tone la maji, na jinsi kola inavyopigwa kuanzia ncha kwenda katikati, la sivyo inafanya mawimbi. Nadhani yalikuwa maneno ya kweli ya kwanza kusemwa mle kwa miaka mitatu. Hayakufika hata dakika tatu. Meneja akatuomba tupande juu.

Hawakumfukuza. Watu wa siku hizi hawafukuzi, wanashukuru. Alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wa muda mrefu, yenye picha ya Nyumba Kubwa pembeni, na akaombwa arudishe funguo mwisho wa mwezi. Minyororo ikarudi kwenye chuma chakavu. Ramani ya vyoo ikatolewa kabatini. Pasi aliomba kitu kimoja, pasi ya mama yake, na Meneja akampa bila ubishi.

"Chukua, mzee. Sasa haina historia."

Siku tatu hakusema nami. Nililala kwenye mkeka chumbani mwake, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, na alinipitia juu kama kizingiti. Mimi niliyeona watu wote wamepoteza adabu ya zamani, ndiye niliyevunja ahadi, ambayo ilikuwa adabu ya kwanza kabisa tuliyofundishwa. Siku ya nne alinitilia chai.

"Kunywa, Gazeti. Likishatoka halirudi mtamboni."

"Ungesema mimi ni mwendawazimu."

"Nilitaka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo." Akakoroga chai yake muda mrefu. "Kisha nikaona mikono yangu imeinyanyua ile pasi. Nikaona bora wampige plasta kuliko wamfanye mchoma watu."

Siku ya fundi tulikwenda pamoja, kwa sababu mlango wa chini una kufuli la zamani ambalo halimsikii mtu ila Pasi. Fundi aliletwa kutoka bara. Waashi wa hapa wameisha, wanaendesha boti za wageni. Alikuwa na mifuko yake ya saruji imepangwa, ndoo yake, na mwiko uliosafishwa vizuri. Kijana wa heshima.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaupapasa, akapuliza vumbi. "Mkavu huu. Naona nipige plasta moja kwa moja, nimalize leo. Au una mambo yake? Semeni, nyinyi ndio wenyeji."

Nilifungua mdomo. Yote yalinijia kwenye ulimi: jiwe la bahari, chumvi, maji ya kisima, siku tatu, ndoo zilizotuchubua viganja. Maisha yangu yote nimelalamika kwamba hakuna anayeuliza wazee, na huyu hapa ameuliza, tena kwa adabu.

Pasi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, pasi ya mama yake kwapani, imefungwa kwenye gazeti. Alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza.

"Mimi mgeni tu hapa, mwanangu," nikasema. "Hata tiketi yangu inasema hivyo."

"Na wewe, mzee?"

"Piga," Pasi akasema. "Piga safi."

Akapiga safi. Alianza chini, kwa hiyo msumari wa chini ndio uliokwenda wa kwanza, kisha kikombe na samaki, kisha mwavuli. Tulikaa kwenye ngazi mpaka alipomaliza, wazee wawili wasio na kazi, tukitazama ukuta ukiwa kijivu na laini kama kipaji cha mtu asiyekumbuka kitu. Alipoondoka kwenda kunawa, Pasi aliinuka, akaweka kiganja juu ya plasta mbichi, pale kwenye kimo cha goti, bila kuibonyeza.

"Mvua ngapi mpaka jiwe liiteme?" akaniuliza.

"Nne. Ikiwa kali, tatu."

"Itaanzia chini. Chumvi hupanda kutoka chini." Akajifuta kiganja kwenye leso. "Nikiwa sipo, uje uangalie."

"Na mimi nikiwa sipo?"

"Basi atakuwapo mtu chooni," akasema.

Akafunga mlango, akanipa mkono wa kunivuta ngazi, akaenda kuzitundika funguo kwenye dirisha la binti wa tiketi, ambaye hakuinua macho.